Wadogo zangu wa HKL (History, Kiswahili na English Language), fisadi wa kwenye riwaya msikilizeni anavyoongea

Wadogo zangu mlioripoti form five huku Mtwara na Lindi, swali la mwandishi anavyotumia mtindo wa lugha kukemea ufisadi linawaangusha wengi na sababu naiona kila nikisahihisha. Mtu anaandika katumia tashbiha, katumia methali, katumia takriri, anaweka mfano afu anahamia aya nyingine. Sawa umezitaja, ila zinamfanya nini huyo fisadi? Maksi ziko hapo.

Majina ya wahusika ni rahisi, anzeni nayo. Kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) anayeshtaki ni waziri Majivuno, anayeshtakiwa ni Karama, kesi haijafika mbali ushajua mwandishi yuko upande gani, na nchi yenyewe kaiweka angani kipindi ambacho bado tunatawaliwa na Mwingereza. Ken Walibora kwenye Kidagaa Kimemwozea (2012) kageuza, mtawala dhalimu kampa jina Nasaba Bora, kwahiyo kila anayemwita anamsuta. Hicho ni kinaya, jina linasema kinyume cha mtu mwenyewe.

Ila mi nataka mkae sana kwenye sentensi wanazopewa wakubwa. Kiongozi mla rushwa aliyeandikwa vizuri hasemi nimekula hela, anasema fedha zilitumika, kumejitokeza changamoto. Ya kwanza ni kauli ya kutendeka, ya pili changamoto imejitokeza yenyewe, kote mtendaji hayupo! Afu mkulima kwenye ukurasa huohuo anasema kaninyonya, wamenipunja, mtendaji anaonekana kabisa. Mwandishi hajahubiri popote, kaziweka tu hizo lugha mbili jirani.

Na nyie wa huku mmekua mnazisikia. Msimu wa korosho mkulima anasema wamekula kilo zangu kwenye mizani, anayejibu anasema huo ni unyaufu, na kwa vile korosho kweli hupungua uzito zikikauka, mwizi anapata pa kujificha nyuma ya neno la kitaalamu. Ukiliona hilo ghalani utaliona na kwenye riwaya yoyote.

Tasfida nayo, yaani neno laini la kuficha jambo baya, msiipite juujuu, rushwa inaitwa chai, kitu kidogo, takrima, hiyo ya mwisho iliingia mpaka kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaja kuitengua 2006.

Kwahiyo ukishika nukuu jiulize anayesema ni nani, anamwambia nani, na kipi amekiondoa kwenye sentensi makusudi. Ukijibu hayo aya inajaa, hata kama jina la tamathali limekutoka kichwani.