Kabla Hujamgusa Abiria, Ijue Meli

Wadogo zangu, jana nimepitia kazi zenu za kunakili orodha za abiria, nikakuta ukoo mzima unaitwa Do. Watu 16, wote wameshuka New York siku moja! Ukoo huo haupo. Karani alikuwa anafupisha neno la kusema "kama hapo juu". Kwa hiyo:

1. Ukikuta "do", panda mstari wa juu.

2. Msiniambie tena kwamba orodha za zamani ziliteketea Ellis Island, kilichokuwa kituo cha kupokea wahamiaji New York. Moto wa Juni 1897 uliunguza kumbukumbu za uhamiaji, lakini orodha ambazo manahodha walikabidhi forodha tangu 1820 zilikuwa kwingine. Zipo. Tafuteni.

3. Jina la meli si meli. Hili niliwahi kulikosea, na bado linaniuma.

Bibi mmoja alinijia akimtafuta nyanya wa mama yake, mtumishi wa ndani wa miaka 19 aliyepandia Queenstown, Ireland, mwaka 1872, daraja la chini kabisa, katika City of Paris. Jina la binti nililipata siku ya pili. Kwa furaha nikatafuta na picha ya meli: dohani tatu, rafadha mbili, tani zaidi ya 10,000, ya kwanza kuvuka Atlantiki kwa muda usiofika siku sita. Nikamchapishia kubwa. Akaitia fremu, akaitundika sebuleni, na ukoo ulipokusanyika akawasimulia wote. Mjukuu mmoja akauliza: mbona meli hii ilianza safari 1889?

Binti alisafiri na City of Paris nyingine, ya kampuni ileile ya meli, Inman, iliyoanza kazi 1866 ikiwa na dohani moja, ikauzwa kwa Wafaransa 1884. Mwaka nilikuwa nao mkononi. Sikuulinganisha na chochote. Nilimpigia simu bibi kumwomba radhi. Akanyamaza, kisha akaniuliza binti yule alilala wapi humo melini. Sikuwa na jibu, maana nilikuwa nimesoma habari za meli isiyo yake. Nilipokwenda kumwona baadaye, fremu ilikuwa imeshushwa. Msumari ulikuwa bado ukutani.

Basi linganisheni mwaka, na jina la nahodha kwenye kiapo kilichoandikwa juu ya orodha. Kwa meli za Uingereza tafuteni nambari rasmi, zilizoanza kutolewa kwa sheria ya 1854. Meli ikibadilishwa jina, nambari hubaki.

4. Wanaotafuta mabaharia wasiishie London: sehemu kubwa ya orodha za wafanyakazi wa meli za Uingereza za 1863 hadi 1938 iko Chuo Kikuu cha Memorial, St. John's, Newfoundland, Kanada.

Na wale 16, kufikia Ijumaa nataka kila mmoja awe amerudishiwa jina lake.