Maji ya Dk. Gully yalikuwa na madini gani?

SWALI: Daktari, nimesoma kwamba Charles Darwin alitibiwa tumbo kwa maji na Dk. James Manby Gully huko Malvern, Uingereza. Maji yale yalikuwa na madini gani? Na mimi mwenye vidonda vya tumbo naweza kuiga tiba hiyo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Madini karibu hayakuwemo. Daktari John Wall aliyapima maji ya Malvern katika karne ya 18 akakuta ni safi mno, hayana cha kutajika. Gully alitegemea ubaridi wake na namna ya kuyatumia.

Alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1808, akasomea udaktari Edinburgh. Dawa za zama zile zilimchosha, hasa kalomeli, dawa iliyotengenezwa kwa zebaki. Mwaka 1842 yeye na James Wilson wakaanza tiba ya maji Malvern, kwa njia ya Vincent Priessnitz, mganga wa tiba ya maji wa Gräfenberg, Ulaya ya Kati.

Katika tiba hiyo shuka liliroweshwa maji baridi, likakamuliwa, mgonjwa akazungushiwa mwili mzima, kisha mablanketi juu yake. Mwanzoni hutetemeka kwa kuwa mishipa ya ngozi hujibana. Baadaye hutanuka, joto hunaswa ndani, mwili unalegea hata usingizi ukaja.

Darwin alifika mwaka 1849. Kabla ya saa moja asubuhi alisuguliwa kwa taulo gumu la maji baridi, akanywa maji, akatoka kutembea. Mchana kutwa alifungwa tumboni kitambaa kilicholowa. Sukari, siagi na viungo alikatazwa. Alipata nafuu kweli, na mimi naamini ilitokana na kupumzika kazi, kutembea na kula chakula chepesi. Haikudumu. Mwaka 1851 binti yake Annie, mwenye miaka 10, alifia hapo hapo Malvern akitibiwa na Gully. Inadhaniwa ilikuwa kifua kikuu, na kifua kikuu hakisikii shuka.

Kwa hiyo wewe usiige. Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na vidonge vya maumivu vinavyomezwa ovyo. Nenda ukapimwe, bakteria akionekana, utapewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi uimalize. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, wahi hospitali siku hiyo hiyo.