Kuhusu mkojo kutoka ukikohoa baada ya kujifungua

Pole dada. Umeuliza kama hali hiyo, miezi miwili tangu ujifungue, ni ya kuzoea, na kama kufunga tumbo kwa kanga kutasaidia. Usiizoee, inatibika! Kanga haifiki kwenye tatizo. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, ndiyo imelegea. Ibane kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia hadi sekunde 10 ukiweza, legeza kabisa, rudia mara 8 hivi, mara tatu kwa siku. Pumua kawaida, usikaze makalio. Tembea asubuhi kabla jua la Dar halijawaka. Kuruka kamba na ndoo nzito acha kwanza, nyumbani wakusaidie. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, omba rufaa ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), hata Hospitali ya Muhimbili ipo. Damu ikizidi ghafla au ukipata homa, wahi hospitali siku hiyohiyo.