Maswali Yenu: Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya Aliyegeuka Waziri

Njonjo alisomea wapi sheria?

Mtoto huyu wa Chifu Josiah Njonjo wa Kabete, aliyezaliwa 1920, alipitia shule ya upili ya Alliance, kisha Chuo Kikuu cha Fort Hare kule Afrika Kusini, akamalizia London, ambako alifuzu uwakili kupitia Gray's Inn, moja ya jumuiya za mawakili za huko.

Mwanasheria Mkuu si waziri. Nguvu zile zote alizitoa wapi?

Katika katiba ya uhuru. Ilimketisha bungeni bila kupigiwa kura, ikampa uamuzi wa nani ashtakiwe na nani aachwe. Rais mwenyewe hangeweza kumwachisha kazi hivi hivi; ilibidi jopo limchunguze kwanza. Watu hukumbuka suti za mistari na ua kwenye ukosi wa koti. Mimi nawaomba mkumbuke kinga hiyo.

Ni kweli alimsafishia Moi njia?

Ni kweli. Mwaka 1976 wanasiasa kina Kihika Kimani, Njoroge Mungai na Paul Ngei walianza kampeni katiba ibadilishwe, ili rais akifariki, makamu wake asikaimu urais kwa zile siku 90 za kusubiri uchaguzi. Makamu alikuwa Moi. Oktoba Njonjo akatoa taarifa fupi: kuwazia au kupanga kifo cha rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kunyongwa. Kampeni ikazimika. Rais Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi aliapishwa siku hiyo hiyo.

Uhodari wa kisheria naukubali, lakini unanitia hofu. Wananchi walitishwa na kitanzi wasijadili katiba yao wenyewe.

Mbona aliacha kazi salama namna hiyo akaingia siasa?

Nionavyo mimi, alitaka kufika mahali ambapo Mwanasheria Mkuu hafiki. Mwaka 1980 alijiuzulu, mbunge wa Kikuyu akampisha, akapita bila kupingwa, na Moi akampa uwaziri. Wengi waliona amepanda cheo. Kumbe alikuwa ameivua ile kinga: waziri enzi hizo aliweza kuteuliwa asubuhi na kufutwa jioni, na hapakuwa na jopo la kumuuliza rais sababu.

Kisha Juni 1982 ni yeye Njonjo aliyewasilisha bungeni mswada ulioleta kifungu cha 2A cha katiba, na KANU, chama tawala, ikawa chama pekee kisheria. Haukupita mwaka, Moi akiwa Kisii akadokeza kwamba kuna msaliti anayeandaliwa na mataifa ya nje. Bungeni jina la Njonjo likatajwa. Akasimamishwa uwaziri, akaachia na kiti cha ubunge. KANU ilipomgeuka, hakuwa na chama kingine cha kukimbilia, na mlango huo aliufunga kwa mkono wake.

Je, alifungwa?

Hapana, wala hakufikishwa kizimbani. Tume ya majaji watatu chini ya Cecil Miller ilisikiliza mashahidi mwaka 1984, ikamwona ana makosa, na tarehe 12 Desemba Moi akamsamehe. Hilo haliniridhishi hata leo. Kama alikuwa na hatia, tulistahili kuiona ikithibitishwa mahakamani; kama hakuwa nayo, hakustahili kusamehewa bali kusafishwa jina.

Alizikwa wapi?

Hakuzikwa. Alifariki 2 Januari 2022 akiwa na miaka 101, na mwili ukachomwa siku hiyo hiyo katika tanuri la Kariokor, Nairobi.