Muulize Mwalimu: Wimbi lililopita bila kuhisiwa

SWALI: Mwalimu, habari yako? Mimi navua omena hapa Dunga, Kisumu. Kijana wangu anasema tsunami ya 2004 ilitoka Sumatra ikafika hadi pwani yetu, lakini aliyekuwa katikati ya bahari asingeihisi. Sisi upepo ukichafuka tu ziwani tunang'ang'ania mbao za mashua. Ananidanganya? Na saa ya kufika huhesabiwaje?
Mvuvi, Dunga

JIBU: Hakudanganyi, ndugu yangu. Setilaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili hivi baada ya tetemeko, ikakuta maji yameinuka kama sentimita 60 tu. Na sentimita hizo zimetandazwa kwenye wimbi lenye urefu wa mamia ya kilomita. Chombo kinapanda na kushuka kwa dakika nyingi, utahisi nini? Wimbi lenu la upepo ni fupi, ndiyo maana linawarusha.

Sasa hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinibishia. Mbele ya wimbi refu hivyo, bahari ya mita 4,000 ni dimbwi! Na kwenye dimbwi kasi hufuata kina cha maji: zidisha kina (kwa mita) kwa 9.8, namba ya mvuto wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata mita 198 kwa sekunde, yaani kilomita 710 hivi kwa saa. Sumatra hadi Malindi ni kama kilomita 6,200, basi ni safari ya muda wa saa tisa kasorobo. Tetemeko lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, wimbi likaingia mchana.

Bahari haina kina kimoja, kwa hiyo kompyuta huikata vipande vipande, kila kimoja na kina chake. Penye maji mafupi wimbi hupunguza mwendo na kujirundika, likawa ukuta. Kwenye mita nne za Ghuba ya Winam lingekwenda kilomita 22 kwa saa, bodaboda ingeliacha.

Mimi nililijaribu hilo Ahero, kwenye hori la saruji la mita tatu la shemeji yangu. Maji ya sentimita 10, nikasukuma kwa ubao: sekunde tatu hadi mwisho. Nikajaza hadi 40: moja na nusu hivi. Nikamwita shemeji aone. Akauliza kama ng'ombe wanaweza kunywa sasa.