Uyoga kwenye mparachichi wa Kibosho: usiupike bado

Dada wa Kibosho, umesema uyoga mweupe umeota kwenye gogo la mparachichi nyuma ya nyumba, unafanana na mamama, ule uyoga wa kulimwa unaouzwa sokoni, na watoto wanataka upikwe leo. Subiri kwanza, tafadhali.

Geuza kofia ya uyoga uangalie chini yake. Mamama ana vipande vyembamba kama kurasa za daftari, vinashuka mpaka kwenye kikonyo, na hicho kikonyo mara nyingi kimekaa pembeni, sio katikati. Ukikuta vitundu vidogovidogo huyo sio mamama kabisa. Halafu kata kofia, ilaze kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli mpaka asubuhi uone unga uliodondoka, wa mamama ni mweupe au una uzambarau kidogo, ukiwa wa kahawia yenye kutu tupa, maana kuna uyoga wa kwenye magogo wenye unga huo unaoua ini na kuuchemsha hakusaidii chochote.

Ile ya kusema wadudu wakila na sisi tunakula, achaneni nayo jamani!!

Hata unga ukiwa mweupe bado haitoshi, mpelekee anayelima uyoga auone. Na kama kuna mtu ameshaonja wahini hospitali sasa hivi na kipande cha huo uyoga, msingoje atapike, dalili zinaweza kuchelewa masaa 6 hadi 24.