Unakwenda kujitolea Hamburg? Usiogope ukimya wa wiki za kwanza

Kila mwaka wapo vijana kutoka Tanzania wanaokwenda Ujerumani kujitolea, baadhi yao kupitia weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana wa kwetu badala ya kupeleka Wajerumani nje tu. Mimi nilipangiwa Hamburg, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wadogo zangu wanaosubiri viza huniuliza sana kuhusu baridi. Baridi ina dawa: koti zito, na makoti ya mitumba Hamburg yapo tele. Kinachokata watu maini mwanzoni ni ukimya.

Unapanda treni asubuhi, behewa limejaa, hakuna anayemsalimia mwenzake. Jirani mnayepakana ukuta anakupita kwenye ngazi na "Moin" yake moja, salamu ya kule, basi. Sisi tuliofunzwa kwamba kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kukosa adabu, kifua kinabana, unaanza kujiuliza kama ni rangi yako. Ubaguzi upo, sikufichi, na ukitendewa mwambie mratibu wako siku hiyohiyo. Lakini ukimya wa kwenye treni ni jambo jingine. Hata wao kwa wao ndivyo wanavyosafiri. Usiupime mji kwa behewa la asubuhi.

Upime kazini. Zamu yangu ilianza na kuandaa kifungua kinywa. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye mkate wake lazima uondolewe gamba, upakwe siagi mpaka ukingoni, ndipo ifuate jamu, na kahawa aletewe kwenye kikombe chenye kisahani chake. Siku za mwanzo hakuniambia lolote, alitazama mikono yangu tu. Nami Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikawa namwandalia vilevile kila siku, nikimwamkia kwa jina la ukoo kama wazee wa kule wanavyopenda, mpaka asubuhi moja akagonga kiti cha pembeni yake kwa kiganja: kaa. Tangu hapo akawa mwalimu wangu. Kila neno nililolivunja alilirudia polepole, akasubiri nilitamke sawasawa ndipo anywe kahawa yake. Wahudumu wanakimbizana na saa. Wazee ndio wenye muda wa kukusikiliza. Kwa hiyo ukipangiwa nyumba ya wazee wakati wewe uliomba chekechea, kubali kwa moyo mkunjufu.

Karatasi zitangulie matembezi. Sheria inakutaka uandikishe makazi yako ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, na lazima uwe na barua ya uthibitisho kutoka kwa mwenye nyumba. Bila cheti cha kuandikishwa makazi, kufungua akaunti ya benki ni tabu, na kibali cha ukaazi hakisogei. Miadi ya ofisi hizo huwahi kujaa, hivyo mwombe mratibu akuwekee kabla hujapanda ndege.

Vituo vya treni havina mageti. Unashuka ngazi na kupanda treni moja kwa moja, na wageni wengi hunaswa hapo, maana wakaguzi wakati mwingine huvaa kiraia na faini ni euro 60. Kwa posho ya mtu anayejitolea, hilo ni pigo kubwa. Nunua tiketi ya mwezi. Hiyohiyo inakupandisha vivuko vya bandarini: chukua namba 62 pale Landungsbrücken hadi Finkenwerder, upite kandokando ya meli za makontena bila kulipa nyongeza. Ukiulizwa unatoka wapi, sema Dar es Salaam kama ndiko kwenu. Ni miji dada tangu 2010, na wapo wanaolijua hilo na kufurahi kuendelea na mazungumzo. Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo mahitaji ya jikoni yanunuliwe Jumamosi.

Semina za wanaojitolea usizikwepe. Kwa kijana anayejitolea mwaka mzima ni siku 25, na huko ndiko utakakokutana na wenzako wanaopitia yaleyale. Mimi marafiki wangu wa kudumu niliwapata huko. Desemba jua huzama saa kumi jioni, na giza hilo huwazidi wengi kuliko baridi yenyewe. Omba zamu ya asubuhi miezi hiyo, utoke kazini kukiwa bado kweupe.